Jogoo wa Jhilbari

Lalitpur, 11 Chaitra 2080, kwa kalenda yetu ya Nepal

Baba mdogo Hastabir,

Naigusa miguu yako kwa mbali. Ni mimi Junkiri, binti wa marehemu Rai seremala, yule msichana uliyemfundisha kuandika programu wakati hata bisibisi alikuwa hajui kuishika. Najitambulisha kama mgeni kwa sababu miaka saba bila barua si kidogo, na najua ukiona bahasha utamuuliza mama mdogo, "Junkiri yupi tena huyu?"

Sikupigii simu kwa kuwa nayakumbuka masikio yako. Mashine za kusokotea majani ya chai ziliyamaliza zamani. Mara ya mwisho nilikuuliza hali ya mama mdogo, ukanijibu kwamba ukungu umeshuka hadi kisimani. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi la Birtamod, naye ataipandisha kwa gari la majani.

Shida yangu ni hii. Ushirika umenunua mashine mpya ya kukaushia chai, ambayo pia hurekodi majani yakilazwa kuchachuka, na imekuja na programu yake kutoka ng'ambo. Kampuni ninayofanyia kazi imepewa jukumu la kuiunganisha na Jogoo, programu yetu ya zamani, nami ndiye niliyetwishwa. Nilipoliona jina hilo kwenye karatasi za kazi nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Nilidhani mlishambadilisha. Unakumbuka siku ya kwanza alipogonga kengele ya chumba cha kuchachushia majani bila kuguswa na mtu? Wanawake wa kusokota wakasema sasa tumepata jogoo wa umeme, na wewe ukajifanya umekasirika, kumbe kesho yake umeliandika jina kwa chaki juu ya mlango.

Tatizo unalijua kuliko mimi, lakini nikiliandika ndipo linanikaa kichwani. Jogoo ni bawabu. Kazi yake ni kulala, na mlango wowote ukigongwa, uwe wa kipimajoto, uwe wa feni, iwe saa ya kutoa majani imefika, anaamka, anahudumia, anarudi kulala. Ndiyo maana anafanya kazi kumi na hachoki. Sasa mashine mpya nayo ina bawabu wake mwenye tabia hizo hizo. Kompyuta ni moja na nyaya zote zinaishia pale pale, kwa hiyo nyumba ni moja na mabawabu ni wawili. Jogoo akilala, anafunga nyumba nzima, na anayegonga mlango wa mgeni hasikiwi. Mgeni akilala, majani ya Jogoo yanaharibika. Tukiwaambia wote wawili wakae macho wakichungulia kwa zamu, kompyuta itachemka kama birika.

Inabidi alale mmoja tu, na mwenzake ampe orodha ya milango yake. Nani alale? Hilo ndilo swali langu kwako.

Katibu Tikaram wa ushirika ameniambia na jambo la pili. Mkutano mkuu wa 10 Asar, miezi mitatu kutoka sasa, ndio utakaoamua. Chai ya msimu wa pili ikitoka vizuri chini ya programu zote mbili, Jogoo anabaki na wewe unabaki naye. Ikiharibika, Jogoo anang'olewa, na wewe unavishwa shada la maua na kuagwa. Sijui nani aliwatia wazo hilo kichwani. Mimi sitaki ang'olewe, Baba mdogo. Ndani yake mna miaka yako yote: ukungu ukishuka jani likae dakika ngapi, mvua ikiwa imenyesha juzi likae ngapi, upepo wa mashariki ukivuma likae ngapi. Hayo hayamo kwenye programu ya mtu mwingine yeyote.

Nikikaa hapa mbele ya skrini yangu kubwa huwa nakikumbuka chumba chetu cha juu ya kiwanda. Sakafu ilikuwa ikitetemeka mashine zikianza, mpaka vikombe vinatembea vyenyewe mezani. Mama mdogo analeta mahindi ya kukaanga, wewe unanigombeza kwa chumvi niliyoacha kwenye vibonye. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na sikujua kwamba nilikuwa na furaha.

Wako,
Junkiri

*

Jhilbari, 19 Chaitra

Junkiri,

Junkiri yupi tena huyu? Haya, nimekuuliza, umeridhika.

Barua yako imefika ikinuka dizeli, kasema mama mdogo wako. Ameisoma yeye kwanza, kwa sababu miwani yangu huwa anaijua yeye ilipo. Huko Lalitpur wamekufundisha kuandika barua ndefu. Zamani ulikuwa unaandika "haifanyi kazi" kwenye kipande cha boksi la chai, unanibandikia kwenye skrini, halafu unakimbia kwenda kula.

Jibu langu ni fupi. Alale Jogoo. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba, miaka kumi sasa. Huyo mgeni aje na orodha yake ya milango aikabidhi, aseme majani yake yamelazwa saa ngapi, kisha atulie. Nimekula chumvi nyingi na sitaki kumwona Jogoo akipangiwa pa kukaa na mashine ambayo bado ina karatasi za nailoni kwenye miguu.

Katibu alikuja kunionyesha picha za hiyo mashine kwenye simu yake. Anaigusa kwa kidole kama mtu anayechagua mchumba. Nikamwambia sawa, ila jani halijui kwamba mashine ni mpya. Hakunisikia, au mimi ndiye sikumsikia alipojibu, sijui.

Watu wa hapa bado wanasema Hastabir anamjua mwenye kuchelewesha jani dakika mbili akiwa mlangoni tu, kwa pua. Nawaacha waseme.

Unasema hujui nani aliwatia wazo kichwani. Haya.

Chumba cha juu kiko vile vile. Kiti chako mguu mmoja ulivunjika, nimeuegemeza kwa kopo la rangi. Kwa nini huji? Basi linalobeba barua linabeba na watu.

Hastabir Limbu

*

Lalitpur, 3 Baisakh 2081

Baba mdogo,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa mama mdogo.

Nimebishana na wewe kichwani wiki nzima na nimeshindwa, kama kawaida yetu. Jogoo alale. Mimi moyoni ningependa alale mgeni, kwa sababu ni kijana na ana usingizi mwepesi, lakini ukishakaza kamba najua haikatiki. Nimeandika sehemu ya katikati. Mgeni anamkabidhi Jogoo milango yake yote, na kila kundi la majani likilazwa chumba cha kuchachushia anamwambia, "Hili limelazwa saa fulani." Jogoo anajumlisha dakika zake kwa hali ya hewa ya siku hiyo, anajiwekea saa ya kuamka, basi. Diski iko ndani ya bahasha, nimeifunga kwa soksi isivunjike.

Kuhusu kuja, kazi zimenibana sana. Labda baada ya mkutano.

Jana nilikuwa narudia msimbo wa Jogoo mstari kwa mstari, nikakuta maandishi yangu ya zamani pembeni: "Baba mdogo akisema hapana, muulize tena baada ya chai." Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko kazi ilivyoruhusu. Kuna sehemu nilizoandika mimi, mbaya mpaka naona aibu, mizunguko ndani ya mizunguko, na wewe hukuwahi kuzigusa. Kwa nini hukuzigusa?

Chai ya huku ni maji ya kuoshea sufuria. Nanusa kikombe kila asubuhi nikitafuta kitu, sikipati.

Junkiri

*

Jhilbari, 20 Baisakh

Junkiri,

Diski imefika nzima. Soksi ina tundu.

Nimeipandisha kwenye kompyuta mwenyewe, siku mbili, bila kumwita mtu. Tumejaribu bila majani. Nimegonga mlango wa kipimajoto, Jogoo kaamka. Nimegonga mlango wa mashine mpya, Jogoo kaamka, kampa mgeni wake, karudi kulala. Safi. Katibu alikuwa amesimama nyuma yangu na mdomo wazi. Majani ya kweli tutaweka tarehe 6 Jestha, siku moja nzima, makundi sita, halafu chai ionjwe.

Umeuliza kwa nini sikuzigusa zile sehemu zako mbaya. Zilikuwa zinafanya kazi. Na nikizifungua nakusikia ukiongea peke yako vile ulivyokuwa ukifanya, "hapana, hapana, subiri, ndiyo." Baada ya wewe kuondoka chumba kilikuwa kimya mno, hata kwa mtu mwenye masikio yangu.

Mama mdogo wako ametengeneza kinema mwezi huu. Soya zimechacha mpaka majirani wamefunga madirisha. Mimi nimekula sahani mbili, nikaongeza. Anasema atakuwekea, na tongba, pombe yetu ya ulezi, itakuwepo, ukija.

Hastabir

*

Lalitpur, 9 Jestha

Baba mdogo,

Katibu amenipigia simu asubuhi hii.

Anasema makundi yote sita ya tarehe 6 yametoka yamekufa. Rangi ipo, harufu hakuna, chai imelala kwenye kikombe kama maji ya kutu. Muonjaji aliitema. Yote sita yalikaa chumba cha kuchachushia kupita kiasi. Hilo peke yake ningeweza kulibeba, maana programu ni yangu na makosa ya programu nayajua. Lakini anasema wewe ulikuwa umesimama pale pale. Anasema kila kundi uliinama, ukanusa, ukaitikia kwa kichwa kwamba bado, subirini kengele. Mara sita.

Wewe, Baba mdogo. Wewe uliyewahi kunishusha kutoka chumba cha juu umenishika sikio kwa sababu ya dakika tatu. Ulinisimamisha mbele ya majani na kuniambia ninuse nilichokiua. Nilikuchukia siku hiyo na nimekushukuru miaka yote iliyofuata. Sasa niambie niamini nini? Katibu anasema umehujumu makusudi ili mashine mpya ionekane mbovu. Nilimkatalia kwa nguvu. Kisha nikakata simu nikajiuliza, kama si makusudi, ni nini? Ulijua. Huwezi kuwa hukujua.

Majani ya mama yangu yalikuwemo siku hiyo. Alichuma yeye mwenyewe, na magoti yake yale.

Nilikuwa napigania usitolewe. Ungeniambia tu kwamba hutaki.

Junkiri

*

Jhilbari, 14 Jestha

Junkiri,

Mama mdogo wako hataki kuniandikia barua hii, anasema niandike kwa mkono wangu, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Sinusi kitu. Tangu ile homa ya mwaka wa barakoa. Wengine walipona pua ikarudi, yangu haikurudi. Sinusi chai, sinusi kinema, sinusi moshi. Mwaka juzi wali uliungua jikoni nikiwa nimekaa kando yake nasoma gazeti. Anayejua ni mama mdogo wako peke yake, na sasa wewe.

Nikiingia chumba cha kuchachushia nainama, nahesabu mpaka tano, naitikia kwa kichwa. Halafu nangoja kengele ya Jogoo. Ikigonga nasema toeni, na watu wanasema Hastabir hakosei. Miaka mitatu nakula kwa kile nilichoandika nikiwa mzima. Jogoo ndiye pua yangu. Sasa unajua kwa nini nilitaka alale yeye.

Siku ile niliinama mara sita na sikujua kitu. Nilijua tu nilipomwona muonjaji anatema.

Katibu ameniita mhujumu mbele ya watu wote wa zamu. Heri niitwe mhujumu kuliko kuitwa mnusaji asiyenusa. Mhujumu angalau anaogopwa. Mwambie mama yako nisamehewe majani yake, lakini usimwambie sababu. Ukimwambia mtu yeyote hatutaandikiana tena.

Jambo moja nieleze. Jogoo hajawahi kunidanganya. Kwa nini alichelewa siku ile? Kama ameanza kukosea, basi mimi sina tena kitu, na wang'oe tu.

Hastabir

*

Lalitpur, 19 Jestha

Baba mdogo,

Naigusa miguu yako, na safari hii siyo kwa desturi. Nilikuandikia maneno ambayo binti haandiki. Nimelia, nimenawa uso, nimerudi mezani. Nisamehe.

Jogoo hakukudanganya. Nimeomba kumbukumbu zake za siku ile na nimezisoma zote. Kila kundi lilizidi kwa dakika kumi na tano kamili. Si kumi na nne, si kumi na sita. Niliitazama namba hiyo mpaka ikanijia, nikajipiga kofi la paji la uso, jirani yangu ofisini akaniuliza kama ni mbu.

Kompyuta ya Jogoo tuliinunua Siliguri, ng'ambo ya mpaka. Ilikuja na saa ya India, nami nikakuuliza, "Baba mdogo, niirekebishe iwe ya Nepal?" Ukasema iache, lori la kupeleka chai mnadani kwao linaondoka kwa saa yao, na robo saa kila mtu wa mpakani anaijumlisha kichwani bila hata kufikiri. Kweli tulikuwa tunaijumlisha. Kuna saa ya ukutani na kuna saa ya Jogoo, na hata mpishi alizijua zote mbili. Miaka saba ya Lalitpur imenitoa tabia hiyo kichwani. Mashine mpya inachukua saa ya Nepal mtandaoni. Ikamwambia Jogoo, "Jani limelazwa saa mbili na dakika arobaini." Jogoo akajumlisha dakika tisini zake, akapata saa nne na dakika kumi, akalala mpaka saa yake iliposema hivyo. Na saa yake iko nyuma robo saa. Miaka yote alikuwa anasoma saa moja tu, yake mwenyewe, hivyo hakuna aliyeumia. Siku alipopata mwenzake wa kuzungumza naye ndipo tukaumia.

Dawa yake ni kwamba wasiambiane tena ni saa ngapi. Waambiane zimebaki dakika ngapi. Dakika ni zile zile hapa na Siliguri.

Na naomba jambo gumu. Safari hii alale mgeni. Yeye anaweza kuhesabu dakika bila kutazama saa yoyote ya ukutani. Jogoo hajui kufanya hivyo, na hajui kwa sababu sehemu hiyo niliiandika mimi nikiwa na miaka ishirini na tatu, vibaya, na wewe ukaiacha. Jedwali lako la ukungu na mvua na upepo litabaki kama lilivyo. Jogoo ataamua kama zamani, ila hatakuwa yeye anayelala.

Sasa la mwisho, na nimelizungusha barua nzima. Mwezi wa Magh, miezi miwili kabla sijakuandikia, ushirika uliiomba kampuni yangu maoni. Mimi ndiye niliyeandika, "Programu ya zamani iondolewe." Sikufungua hata ukurasa mmoja wa msimbo. Niliona jina langu juu ya kazi ile ya ujana nikaona haya mbele ya wakubwa zangu, nikaandika mistari minne na kusaini. Baadaye sikulala vizuri, nikaomba kazi ya kuunganisha. Nilipokuambia nimetwishwa kazi hii, nilidhani mlishambadilisha, na sijui nani aliwatia wazo kichwani, nilikuwa nakudanganya. Ndiyo sababu siji. Si kazi.

Junkiri

*

Jhilbari, 24 Jestha

Junkiri,

Ripoti niliisoma Falgun, mwezi mmoja kabla hujaniandikia. Katibu aliiweka mezani kwangu makusudi, jina lako likiwa juu. Mama mdogo wako alikutukana siku mbili, kisha akakuombea dua siku ya tatu. Barua yako ilipofika nilijua umekuja kurekebisha, nikaona nisikusumbue. Tumemaliza hapo.

Ile robo saa. Nimecheka mpaka kikohozi. Niliinama mara sita kunusa majani, na saa ya ukutani iko juu ya mlango, ningeinua macho tu. Sikuinua, kwa sababu mtu anayenusa hatazami saa, na mimi nilikuwa nashughulika kuigiza kunusa. Hilo kosa ni langu, usinipunguzie.

Mgeni alale. Nimekaa siku tatu na jambo hilo na halikuwa tamu. Kisha nikaona nyumbani kwangu tayari ndivyo tunavyoishi. Mimi sisikii mtu akigonga, kwa hiyo mama mdogo wako ndiye anayesikiliza mlango wa nyumba nzima, na ananigusa bega likiwa ni jambo langu. Miaka kumi hivyo, na sijapungua kuwa Hastabir. Tuma diski. Na soksi ya pili, niwe na jozi.

Kuhusu pua, usinishauri. Bado nawaza.

Hastabir

*

Jhilbari, 12 Asar

Junkiri,

Mkutano umekwisha juzi. Nakueleza yote kwa mpangilio kabla mama yako hajakueleza kwa mpangilio wake.

Tangu tarehe 30 Jestha mgeni analala na Jogoo anaguswa bega. Makundi arobaini na moja, hakuna lililopitiliza. Kengele inagonga, nami natazama saa ya ukutani kama mtu yeyote. Muonjaji alikuja mwenyewe, akaonja, akameza.

Katibu alisimama mkutanoni akasoma matokeo. Akaeleza pia ile robo saa, akasema hakuna aliyehujumu, akaniomba radhi kwa jina mbele ya watu mia mbili. Nilikuwa nimejiandaa kufurahia. Kisha akasema, "Jogoo abaki, kwa sababu tunaye Hastabir wa kumsahihisha kwa pua yake." Watu wakapiga makofi. Mama mdogo wako hakupiga. Alikuwa ananitazama tu.

Nikasimama. Nikawaambia. Sikupamba, nilisema kama nilivyokuandikia wewe. Nikasema habari ya mhujumu ilikuwa ya uongo, lakini hata hii ya makofi ni ya uongo, na nimechoka kuinama.

Kisha mama yako akauliza kwa sauti ile yake, hata mimi nilisikia. "Miaka mitatu tunakunywa chai iliyotolewa na nani basi?" Mtu akajibu, "Na Jogoo." Mama yako akasema, "Na Jogoo aliandikwa na nani?" Akakaa. Tukapiga kura.

Jogoo anabaki. Mimi nabaki naye chumba cha juu. Chumba cha kuchachushia simo tena. Aproni nimeirudisha nikiwa nimeikunja mwenyewe, na nilipotoka mlangoni mle nilitokwa na machozi kama mtoto, sioni haya kukuambia.

Ndani ya bahasha kuna pakiti. Ni kundi la 9 Asar, siku ya ukungu mzito. Nimeinywa na nimesikia moto tu. Kila mtu hapa ananiambia ni nzuri sana, kwa sauti ile wanayotumia kusema na mgonjwa. Wewe chemsha maji, kunywa, uniandikie inanukiaje. Usinivike kilemba cha ukoka.

Baba mdogo wako,
Hastabir

*

Lalitpur, 17 Asar

Baba mdogo,

Juzi ofisi nzima ilikula mtindi na chiura, mchele uliopondwa, kwa ajili ya siku ya kupanda mpunga. Mimi niliacha sahani yangu nikaenda kuchemsha maji, maana pakiti ilikuwa imefika asubuhi hiyo.

Nimeinywa mara tatu. Ya kwanza sikuweza kuonja, nilikuwa nalia tu ndani ya kikombe. Inanukia zabibu zilizoiva mpaka ganda limepasuka, na asali ile ya msituni, nyeusi, na nyuma kabisa inanukia mvua inapogusa bati la kiwanda likiwa bado la moto. Nilikuwa nimesahau kwamba kitu hicho kipo duniani. Nimekaa nayo dirishani mpaka ikapoa.

Ya pili na ya tatu nilikunywa bila kulia.

Haijafika kiwango, Baba mdogo. Mwishoni kuna ubichi, unakaa pembeni mwa ulimi na hautoki. Jani lilitolewa mapema. Jedwali lako linasema siku ya ukungu mzito likae dakika tisini na tano, lakini hilo uliliandika kabla ya homa, na vichaka vimezeeka tangu hapo. Jaribu tisini na tisa. Hao wanaokuambia ni nzuri sana wanakuhurumia.

Badilisha namba, unitumie nyingine.

Junkiri